Chuo Kikubwa, Chuo Kidogo na Watoto Wawili wa Mzee Kitundu

Ninyi mliomaliza kidato cha sita juzi, mnaokodolea simu macho mkisubiri kuona mmechaguliwa wapi, nisikilizeni kidogo kisha mrudi kwenye simu zenu. Mtu akikusifia chuo, usimwulize kina uzuri gani. Mwulize yeye anapata nini wewe ukienda. Akicheka badala ya kujibu, mshukuru, muage, nenda zako.

Najua mtasema bibi huyu ana roho ya shaka. Ni kweli. Nimefundisha kemia katika shule za Iramba na Mkalama mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipewa kazi ya kuwashauri wanafunzi waende vyuo gani. Kazi hiyo haina chaki wala mtihani. Unachoshika mikononi ni maisha ya mtoto wa mtu, na ukikosea, matokeo yake unayaona baadaye sokoni, yanakuamkia shikamoo huku yanauza vitunguu.

Aliyenifundisha kazi hii ni marehemu Mwalimu Hema, mtu wa Ikungi, mrefu, mwenye kikohozi kilichomtangulia kila alikokwenda. Alikuwa haamini karatasi yoyote yenye picha ya rangi. Vyuo vikituletea vipeperushi, yeye anavitazama kwa mbali kama mtu anayetazama nyama iliyolala. "Binti," aliniambia, maana nilikuwa bado mdogo, "chuo hakisomwi kwenye kipeperushi. Chuo kinasomwa kwa waliotoka." Kisha ananichukua mpaka hospitali ya Kiomboi, si kwa sababu tunaumwa. Tunakaa kwenye benchi na wagonjwa. Nesi akipita, Mwalimu Hema anamwita kwa heshima zote: samahani dada, wewe ulisoma wapi? Walimu wako walikuwa wanaingia darasani? Ungekuwa na mdogo wako, ungempeleka hukohuko? Swali la mwisho ndilo alilokuwa analitaka. Wengi walijibu mawili ya kwanza haraka haraka, halafu wakanyamaza kwenye la tatu.

Zamani maombi yalikwenda kwa posta, na tulisingizia posta kwa kila kitu. Sasa mnaombea kwenye simu, au mnakwenda steshenari na kumwachia kijana wa kompyuta awabofyie. Hapo nako nina shaka. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyetaka uhasibu. Kijana wa steshenari alikuwa anakula chipsi kwa mkono mmoja na kubofya kwa mkono mwingine. Majibu yalipotoka, mwanafunzi wangu amechaguliwa kusomea ufugaji nyuki. Alilia sana. Leo yuko Itigi, ana mizinga yake, na akinitumia asali anaandika kwenye ndoo "uhasibu". Ndiyo, mambo yalimwendea vizuri. Lakini msijenge maisha yenu juu ya mkono wa mtu anayekula chipsi.

Sasa niwaambie habari ya watoto wa Mzee Kitundu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi ya zote.

Mzee Kitundu ni mkulima wa Kinyangiri. Alizeti, mtama, ng'ombe wa kiasi. Mwanawe wa kwanza anaitwa Elia, na anayemfuata ni Rehema. Rehema nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa na akili ya kukuchosha, kwa maana kwamba ukimjibu swali lake moja, linazaa jingine. Alipofaulu kidato cha sita, alichaguliwa kwenda chuo kikuu kikubwa cha serikali, kule Dodoma, kusoma shahada ya sayansi. Papo hapo baba yake akawa anataka aende chuo kidogo cha afya kilicho Singida mjini, asomee maabara ya hospitali.

"Chuo kikuu ni kama mnada," alisema mzee. "Watu wengi, kelele nyingi, na hujui nani kaibiwa mpaka jioni."

Sikumlaumu. Elia alikuwa ameshaibiwa.

Elia alipomaliza kidato cha nne, alikuja mtu na gari pale Shelui, akakusanya vijana, akasema anawapeleka chuo cha afya mkoa wa mbali. Elia alikwenda. Akakaa huko miaka miwili akisomea maabara, na katika muda huo hadubini aliiona ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli. Walimu walikuja wakijisikia kuja. Aliporudi na cheti chake akaenda kuomba kazi, akaambiwa kwa upole kwamba chuo hicho hakitambuliki, na cheti hicho akifanyie anachotaka. Tangu hapo Elia akawa anaendesha pikipiki Shelui, anabeba abiria na mizigo ya madereva wa malori. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Watu wakimuuliza mzee habari za mwanawe, alikuwa anajibu, "Yupo Shelui," basi.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba siku ya kikao cha wazazi kuna mgeni kutoka chuo kile cha Singida, nilikwenda na kukaa mbele kabisa.

Mgeni alifika na gari jeupe, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa kwenye vumbi letu. Alijiita Bwana Deo, afisa udahili. Aliwagawia wanafunzi kofia, wazazi akawapa kalamu, na mkuu wetu wa shule akapata kofia na kalamu vyote viwili. Nikazidi kuwa macho. Bidhaa nzuri haihitaji kumvisha mteja kofia.

"Chuo kikuu ni msitu," alisema Bwana Deo. "Mtoto anaingia, mzazi humwoni tena. Kwetu ni familia. Na nafasi zimebaki chache sana."

Wazazi wakaanza kuguna kwa kukubali. Nikanyoosha mkono.

"Maabara yenu ina hadubini ngapi?"

"Za kutosha, mama."

"Za kutosha si namba."

Akacheka. Nikaendelea. "Na wanafunzi wenu wanafanya mazoezi hospitali gani?"

"Hospitali mbalimbali."

"Mbalimbali iko wilaya gani?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mkuu wa shule akanikata jicho chini ya kofia yake mpya. Bwana Deo akasema kwa sauti laini kwamba kuna walimu wa zamani ambao dunia imewaacha, na wazazi wasikubali watoto wao waachwe pamoja nao. Nikaona baadhi ya wazazi wakinitazama kama mwizi wa bahati zao. Mzee Kitundu naye alikuwa ameshashika kalamu, anataka kuandikisha jina la Rehema.

Wakati huo Elia alikuwa amekuja kumchukua baba yake na pikipiki. Alisimama mlangoni, kisha akaingia taratibu mpaka mbele. Alinisalimia kwanza, shikamoo mwalimu, nikaitika marahaba. Ndipo akamgeukia mgeni.

"Kaka, unanikumbuka?"

"Nakutana na vijana wengi, rafiki yangu."

"Mimi ulinipakia Shelui, na wenzangu. Wakati ule ulijiita Godi."

"Utakuwa umenifananisha."

Elia hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili, mbele ya tumbo. "Mama yangu alikuletea kuku pale kituoni, akushukuru kwa kunipeleka shule. Tetea mwekundu. Ukamwuliza kama anataga."

Nilikuwa namtazama yule mtu usoni. Hakumkumbuka Elia, hilo nina hakika, lakini yule kuku alimkumbuka. Macho yalimcheza kidogo tu, ikatosha. Akaangalia saa, akasema ana kikao kingine Kiomboi, akakusanya mizigo yake. Wanaume wawili walimfuata hadi kwenye gari wakitaka maelezo, lakini aliondoa gari mlango ukiwa haujafungwa vizuri. Baadaye tulitoa taarifa. Kama alipatikana, mimi sikusikia.

Mzee Kitundu alikaa palepale kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamepanda juu. Alichosema ni kimoja: "Basi vyuo vidogo vyote ni wezi. Rehema aende huko kwenye mnada."

Wanangu, hapa ndipo penye mtego. Ukishamkamata mwongo mmoja, unapumua, na ukishapumua unamwamini wa pili bila kumkagua. Kwamba Bwana Deo ni tapeli hakukutuambia chochote kuhusu chuo alichokitaja. Hakukutuambia chochote kuhusu chuo kikuu pia. Nikamwambia mzee, twende tukaone vyote viwili, na tusiwaambie kwamba tunakuja.

"Na Elia aje," akasema mzee. "Yeye ameshaumwa na nyoka. Atawanusa."

Tukaenda Singida mjini siku ya kawaida ya katikati ya wiki. Siku ya kawaida ni muhimu. Siku ya mahafali hata banda la kuku hupakwa chokaa. Pale getini sikuuliza ofisi, niliuliza jiko. Mpishi wa chuo anajua kama wanafunzi wapo, kama wanashiba, kama walimu wanalipwa, maana mwalimu asiyelipwa anakula jikoni. Mama yule mpishi alinikagua na yeye, akasema, "Mnatafuta nafasi au mnatafuta makosa?" Nikamwambia vyote. Akacheka, akatuonyesha maabara.

Lilikuwa jengo dogo, bati lake limechakaa, na nilitumia muda kuangalia dari kwa sababu nilidhani linavuja. Ndani, wanafunzi walikuwa wameinamia hadubini, wawili wawili, makoti yao yana madoa ya rangi za kupimia. Madoa yale yalinifurahisha kuliko kipeperushi chochote. Koti la maabara jeupe kabisa ni la kupigia picha.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mfupi mwenye haraka, wanamwita Mama Lusia. Nilipomtajia Bwana Deo alikunja uso. "Sisi hatuna wakala. Mtu huyo anatumia jina letu, na la wengine. Anawakusanya watoto, kisha anawapeleka anakokujua yeye." Nikamwomba uthibitisho wa usajili. Wa chuo aliuonyesha. Nikamwambia nataka wa kozi. Hilo mlishike, chuo kinaweza kusajiliwa na kozi unayoisomea ikawa haijasajiliwa, na wewe ukahitimu bila kuhitimu. Alinitazama, akainuka, akaleta na huo. Nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani anayezijua njia za kuhakiki mambo hayo, akahakiki tukiwa tumekaa palepale. Mama Lusia hakukasirika. Anayekasirika ukimhakiki, mwogopeni.

Ndipo Rehema akauliza swali lake. "Mama, mtu akianza kushindwa hapa, nani anajua?"

"Mimi," alijibu. "Asubuhi hii binti mmoja hakuja darasani. Nimeshamtuma mwenzake chumbani kwake. Analia, kafiwa na bibi yake."

Mzee Kitundu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima gunia kwa macho. Nikajua moyo wake umerudi kwa chuo kidogo.

Wiki iliyofuata tukapanda basi kwenda Dodoma. Ule ukubwa wa chuo kikuu ulimtisha mzee, akawa anatembea akimshika Rehema mkono wa gauni kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulichungulia ukumbi mmoja wa mihadhara. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, mhadhiri anasikika kwa kipaza sauti, na nyuma kijana mmoja amelala usingizi wa haki. Rehema akamtafuta dada mmoja wa Kiomboi aliyekuwa mwaka wa pili, akamwuliza lile swali lake.

"Hapa?" dada akasema. "Hapa hakuna anayejua. Unaweza kuumwa wiki nzima, watu wakadhani umehama. Lakini Rehema, njoo uone maktaba."

Walikwenda, sisi tukabaki nje juani. Walikaa muda mrefu mpaka mzee akaanza kusema mtoto ameshapotea. Rehema aliporudi alikuwa amenyamaza, na unyamavu wake nikaushuku.

Njiani kurudi nilimpa ushauri wangu. Nilimwambia wazi: nenda chuo kidogo. Shahada ya jumla bila ujuzi wa mkono inaweza kukurudisha Kinyangiri na joho. Maabara ina kazi. Baadaye ukitaka shahada, utaisoma. Baba yake akaunga mkono kila neno.

Rehema aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mwalimu, ushauri wako nimeuelewa. Lakini mimi tangu nizaliwe kila mtu ananijua. Nikipiga chafya Kinyangiri, shangazi Shelui anasema pole. Nataka kukaa mahali ambapo hakuna anayenijua, nione nitakuwa nani. Na yale maswali yangu, pale Singida yangeisha mwaka wa kwanza. Kule maktaba nimeona hayataisha."

"Na ukishindwa?" baba yake akauliza.

"Nitajua mwenyewe, baba. Nitawapigia kabla hamjasikia."

Mzee akanigeukia mimi ili nimkatalie. Sikumkatalia. Rehema alikuwa ameona vyote viwili kwa macho yake, na hakuna mtu mwenye suti aliyemchagulia. Nilikuwa bado na shaka, na nikakaa nayo mwenyewe.

Basi liliposimama Singida tununue maji, Elia akashuka, akachelewa kurudi. Konda akaanza kupiga kelele. Elia akaja dirishani, akamwambia baba yake, "Baba, nyie nendeni. Mimi nakwenda kwa yule mama."

"Mama yupi?"

"Wa chuo."

Nikakumbuka sasa kwamba ile siku ya kwanza, mimi nikiwa nakagua dari, Elia alikuwa ameinama kwenye hadubini moja na mwanafunzi mwenye kiti amesimama kando kumpisha. Hakuna aliyemwambia atoke. Sisi sote tulikuwa tunamchagulia chuo Rehema.

Mzee alitaka kukataa. Nilimwona anavyolitafuta neno, na nadhani alikuwa anawaza kuku, na miaka miwili, na majirani. Akasema kwa ukali, "Mtu mzima wewe!" Kisha akashuka. Nami nikashuka, na Rehema, basi likatuacha.

Mama Lusia alimsikiliza Elia amesimama. Elia alimtolea kile cheti cha uongo, kimekunjwa mara nne. Yule mama hakukifungua. "Hiki kiweke mbali," alisema. "Cha kidato cha nne unacho? Fizikia, kemia na biolojia ulipata?" Alikuwa amepata, si kwa alama za kujivunia, lakini zilitosha. "Basi hicho hakuna aliyekuibia. Utaanza mwanzo kabisa, na wenzako watakuwa watoto. Utaweza kukaa na watoto?"

"Nitakaa," akasema Elia.

Mzee aliuza ng'ombe, Elia akauza pikipiki. Rehema alikwenda Dodoma kwa mkopo wa serikali. Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Rehema mwaka wa kwanza alishika sapu mbili, na kweli alitupigia kabla hatujasikia, analia, anasema ukumbini hana hata anakokaa. Akazirudia, akafaulu. Sasa anasoma shahada ya pili, mambo ya udongo, na akija likizo anachimba shamba la baba yake kila kona, mzee anafukia nyuma yake akinung'unika. Mnaniuliza kama alichagua sawa? Sijui bado. Mwenye kuwaambia kwamba anajua, mshukuni.

Elia alimaliza chuo akiwa mkubwa kuliko wote darasani, wakamwita Babu. Alipata kazi katika kituo cha afya huku kwetu. Mwaka jana Mzee Kitundu alishikwa na homa, nikamsindikiza kituoni. Alipojua aliyeko maabara ni Elia, aliuliza kama hakuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Akatoa kidole akiangalia pembeni. Tulingoja. Elia akatoka na majibu, akasema mzee ana malaria.

"Pima tena," mzee akasema.

Elia akachukua sindano nyingine. Akamchoma tena, akarudi ndani. Tukangoja tena. Majibu yakawa yaleyale.

Mzee aliyakunja, akayatia mfuko wa shati, akatoka nje kwenda kwa mganga wa kituo. Kwenye benchi walikuwa wamejaa watu wanaosubiri kupimwa, wengine wa vijiji vya mbali wasiomjua kabisa. Alisimama mbele yao, anatetemeka kwa homa, ameegemea fimbo.

"Yule wa humo ndani ni mwanangu," aliwaambia. "Ingieni tu. Amesoma."